Mauzo ya Kadi za Zawadi Huanzia Meza ya Mapokezi

Swali: Ninaishi Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kuuza vocha za zawadi kupitia Instagram na WhatsApp. Mnunuzi hulipa kwa Lipa Namba, mimi humtumia picha ya vocha yenye namba, naye humpelekea mtu anayetaka kumzawadia. Nimekubaliana kwa mdomo na biashara 14, zikiwemo saluni, mafundi nguo, migahawa na maduka ya vipodozi, na huwalipa wenyewe mwisho wa mwezi kwa vocha zilizotumika. Kwa mwezi nauza vocha 30 hivi, nyingi za Sh 40,000, na kamisheni yangu ni asilimia 8. Natumia Sh 60,000 kila mwezi kulipia matangazo, lakini mauzo yamesimama palepale. Karibu theluthi moja ya vocha hazijawahi kutumika. Je, nipunguze bei, niongeze biashara nyingine, au fedha za vocha zisizotumika nizielekeze kwenye matangazo?

Jibu: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa na kalamu mkononi, na ninakushukuru kwa kuziweka hesabu zako wazi, kwa sababu wengi wanaoniuliza juu ya mauzo hunieleza wasiwasi wao tu bila namba hata moja. Umeuliza juu ya bei, matangazo na idadi ya biashara, lakini sentensi iliyonisimamisha ni ile fupi uliyoiandika karibu na mwisho, kwamba theluthi moja ya vocha hazijawahi kutumika. Humo ndimo mauzo yako yalimokwama, nami nitajitahidi kukuonyesha kwa nini.

Tuanze na hesabu, maana itatuondolea jambo moja mapema. Vocha 30 za Sh 40,000 ni Sh 1,200,000, na asilimia 8 ya fedha hizo ni Sh 96,000. Ukitoa Sh 60,000 za matangazo unabakiwa na Sh 36,000, na hapo bado hujanunua bando, hujalipa makato ya kuwatumia wenye biashara fedha zao, wala hujahesabu jioni unazozimaliza ukijibu ujumbe wa wateja. Kwa kila vocha unapata Sh 3,200, na kati ya hizo Sh 2,000 zimekwenda kwenye tangazo. Ukitoa punguzo la asilimia 5 tu kwenye vocha ya Sh 40,000, umeondoa Sh 2,000 nyingine, yaani utakuwa unamwongezea mnunuzi Sh 800 kutoka mfukoni mwako ili akubali kununua. Suala la kupunguza bei tuliache hapo.

Sasa tuziangalie fedha za vocha zisizotumika. Theluthi ya vocha 30 ni vocha 10, ambazo ni Sh 400,000 kila mwezi, zaidi ya mara nne ya kamisheni yako. Naelewa kabisa jinsi fedha hizo zinavyovutia zikiwa zimelala kwenye simu, hasa mwezi ambao kodi ya nyumba imewadia na mauzo hayajachangamka. Hata hivyo nakusihi usiziguse. Fedha hizo ni amana: mtu amekukabidhi ili umfikishie mwenzake huduma, na mpaka huduma hiyo itolewe, wewe ni mdaiwa. Wahasibu huziandika upande wa madeni, na wana sababu nzuri, kwa kuwa mwenye vocha anaweza kutokea saluni kesho asubuhi. Siku wakitokea watano kwa pamoja, na fedha zao umeshazilipia matangazo, utalazimika kuwalipia kwa fedha za vocha mpya, na kutoka hapo kila mwezi utakuwa unaziba tundu la mwezi uliopita. Fungua akaunti ya pili, ya benki au ya simu, ambayo kazi yake ni moja tu: kila fedha ya vocha inapoingia, kamisheni yako inabaki kwenye akaunti yako na iliyosalia inahamia huko siku hiyohiyo.

Mteja naye anaijua hatari hii, hata kama haisemi. Mwezi Januari 2013 huko Uingereza, kampuni ya HMV, yenye maduka makubwa ya muziki na filamu, iliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni, na kwa siku kadhaa maduka yake yakakataa kupokea kadi za zawadi ambazo watu walikuwa wamepewa Krismasi wiki chache tu nyuma. Baadaye yalikubali kuzipokea, lakini kwa siku hizo waliozishika walijiona wameshika karatasi tupu. Ikiwa jina linalojulikana nchi nzima linaweza kufikia hapo, mtu asiyekufahamu, anayeiona biashara yako kwa mara ya kwanza kwenye simu, ana haki ya kujiuliza fedha yake itakuwa wapi baada ya kulipa.

Hapo hapo niguse upande wa sheria, kwa ufupi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inaiweka kazi ya kutoa fedha za kielektroniki chini ya leseni na usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania. Kadi ya zawadi kama vocha yako, inayodai huduma fulani kwenye saluni fulani, ni jambo tofauti na fedha inayoweza kutumika popote na kubadilishwa kuwa taslimu, na ni busara kubwa ukabaki upande ule wa kwanza: kila kadi itaje biashara zinazoipokea, na isibadilishwe kuwa fedha mkononi. Andikisha jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama bado hujafanya hivyo, na makubaliano yako ya mdomo uyageuze kuwa maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yanayosema wazi kwamba mapato yako ni kamisheni na kwamba fedha iliyobaki ni ya mtoa huduma. Pasipo maandishi hayo, siku utakapokaa na afisa wa kodi, zile Sh 1,200,000 zote zitaonekana kuwa mauzo yako. Mwanasheria mmoja akusomee karatasi hiyo kabla hujaisambaza.

Nirudi kwenye kiini cha barua yako. Kwa nini mtu aache kutumia zawadi iliyokwisha kulipiwa? Nitakueleza lililomkuta shangazi yangu. Binamu yangu alimnunulia vocha ya kusukwa na kupakwa hina kwa ajili ya Idi, katika saluni moja ambayo sitaitaja. Shangazi alivaa vizuri, akapanda daladala mbili, akafika mapokezi na kumwonyesha binti aliyekuwa mezani ile picha kwenye simu. Binti akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akamwuliza mwenzake, mwenzake naye akasema hajui, labda apigiwe bosi. Bosi hakupokea. Shangazi akaambiwa asubiri kwenye benchi, akakaa huku wateja wengine wanapita mbele yake na kila aliyeingia anamtazama. Baada ya nusu saa hivi alifungua pochi, akalipa fedha yake mwenyewe, akasukwa. Aliporudi nyumbani alimshukuru mwanawe kwa zawadi nzuri. Ukweli aliusema mwaka mmoja baadaye, tena kwa kubanwa, kwa sababu aliona ni aibu kumwambia mtoto wake kwamba zawadi yake ilikataliwa mbele za watu.

Tazama lililotokea hapo. Muuza vocha aliingiza fedha yake bila jasho, saluni haikupoteza chochote, na hakuna aliyelalamika. Lakini binamu yangu hakuambiwa na mama yake "mwanangu, nilihudumiwa kama malkia," shangazi hakumsimulia jirani, na hakuna hata mmoja wao aliyenunua vocha nyingine. Kila kadi unayouza ina wateja wawili, mnunuzi na mpokeaji, na katika biashara hii mpokeaji ndiye tangazo lako kuu, kwa kuwa anayefurahi leo ndiye atakayetaka kumzawadia shoga yake mwezi ujao. Theluthi ya vocha zako zinakufia mikononi mwa wapokeaji. Kwa mwaka, hao ni watu 120 ambao wangeweza kukuletea wanunuzi, na badala yake wamenyamaza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenda, kwa miguu yako, kwenye kila meza ya mapokezi. Usizungumze na mwenye saluni peke yake, kwa kuwa mara nyingi hayupo siku kadi inapofika; zungumza na yule binti anayeandika majina na kupokea fedha, na mwenzake wa zamu ya pili. Mwachie karatasi iliyofanyiwa laminesheni, yenye picha ya kadi yako jinsi inavyoonekana na mistari mitatu tu: soma namba ya tarakimu sita, itume kwenye simu hii, subiri jibu kabla ya kuanza kazi. Simu hiyo iwe ya kazi, isizimwe saa za saluni, na jibu litoke ndani ya dakika mbili. Usipoweza mwenyewe, mpe mdogo wako kwa malipo. Usimlazimishe mtu kutumia msimbo wa QR ikiwa ujumbe wa kawaida unatosha, maana simu ya mapokezi mara nyingi haina bando. Namba ikishathibitishwa ifutwe kwenye daftari lako papo hapo, ili picha iliyosambazwa kwa mtu wa pili isiweze kutumika tena.

Kisha mlipe mwenye biashara siku hiyohiyo, ikiwezekana kabla mteja hajainuka kwenye kiti. Unaponiambia unalipa mwisho wa mwezi, naelewa kwa nini kadi zako hazichangamkiwi: kwa fundi wa nywele aliyetumia saa tatu kusuka, mteja wa kadi ni mteja wa mkopo, na mteja wa mkopo huwekwa nyuma ya mwenye fedha taslimu. Siku ujumbe wa muamala utakapolia kwenye simu ya saluni huku mpokeaji bado anajitazama kwenye kioo, kadi yako itageuka kuwa fedha taslimu machoni pao. Fedha ile unayo tayari kwenye akaunti ya amana, basi hakuna sababu ya kuichelewesha. Kwa ridhaa ya mwenye saluni, unaweza pia kumtengea binti wa mapokezi kiasi kidogo kwa kila kadi anayoipokea vizuri.

Sasa utaona kwa nini sikushauri uongeze biashara nyingine juu ya hizo 14. Huwezi kuzitembelea meza 14 kila wiki mbili, na mahali usipopatembelea watakusahau. Chagua tano. Chagua zile ambazo kadi zake hutumika, ambazo wewe mwenyewe ungempeleka mama yako bila wasiwasi, na ambazo zipo katika maeneo yanayofikika kwa daladala moja au mbili. Nyingine ziage kwa heshima baada ya kadi zao zote kutumika. Ukiwa na tano tu, ndipo utakuwa na nguvu ya kukaa mezani na kuzungumzia kamisheni, kwa kuwa unaweza kuahidi idadi ya wateja ambayo mwenye saluni ataiona kwa macho. Asilimia 8 ni ndogo mno kwa mtu anayeleta mteja mpya aliyekwisha kulipa. Omba 15, na eleza sababu: Jumatatu hadi Jumatano viti vya saluni nyingi huwa vitupu, na wewe utawahimiza wapokeaji waje siku hizo kwa kuwapa nyongeza, kwa mfano kuoshwa miguu bila malipo, ambayo saluni haiigharimu kitu kikubwa. Kadi ya Sh 50,000 kwa asilimia 15 inakupa Sh 7,500, zaidi ya mara mbili ya unachopata leo, na hapo hujauza hata kadi moja ya ziada.

Jambo jingine linahusu jina. Kwetu Tanzania neno "vocha" limeshachukuliwa na muda wa maongezi. Mama wa Temeke akiambiwa "nimekutumia vocha," ataanza kutafuta namba za kuingiza kwenye simu, na hata akielewa, neno lenyewe limekaa katika kundi la vitu vidogo vya kununuliwa dukani kwa Mangi. Iite kadi ya zawadi, na ndani yake taja zawadi yenyewe. Hapa nina msimamo mkali: usiandike Sh 40,000 usoni mwa kadi, bali andika "Kuoshwa nywele, kusukwa, na hina ya mikono." Kwanza, katika adabu zetu mtu hutoa bei kwenye kanga kabla ya kuifunga, na kiasi kikiwa kimeandikwa wazi mpokeaji hujikuta anapimwa na mtoaji anapimwa pia. Pili, na hili ni kubwa zaidi kibiashara, kiasi cha fedha kinakuingiza kwenye mashindano usiyoweza kushinda.

Nakusudia kutuma fedha kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, kumtumia mtu Sh 40,000 ni kazi ya dakika moja, na mnunuzi wako anajiuliza, hata kama hakuambii, kwa nini asimtumie mama fedha hizo akafanye anachotaka. Jibu lako ni lazima liwe tayari, tena liwe la kweli. Fedha ikiingia kwenye simu ya mama haina jina: itakwenda kwenye unga, LUKU, dawa ya mjukuu na nauli ya mtoto wa jirani, na mama mwenyewe hatabakiwa na chochote cha kusema "hiki nilipewa mimi." Kadi inailinda zawadi isimezwe na mahitaji ya nyumba. Hilo ndilo unaloliuza, na ndilo linalotakiwa kuandikwa kwenye kila tangazo lako, kwa maneno ya mtu anayemjua mama yake. Katika kadi inayotaja huduma ipo hatari moja ya kujikinga nayo, nayo ni bei ya saluni kupanda kati ya siku ya kununua na siku ya kutumia. Kwa hiyo kwenye yale makubaliano ya maandishi iwepo sentensi kwamba bei ya kadi iliyokwisha kuuzwa haibadiliki mpaka muda wake uishe.

Muda wenyewe uwe wa ukarimu. Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2009 inazuia kadi za zawadi kuisha thamani kabla ya miaka mitano, na Ireland iliweka miaka mitano pia kuanzia Desemba 2019, kwa sababu nchi hizo ziliona wauzaji wakijinufaisha na usahaulifu wa watu. Mimi nakushauri uanze na miezi 12 iliyoandikwa waziwazi, na anayekuja baada ya hapo umtafutie njia. Ili asisahau, mkumbushe mnunuzi baada ya wiki tatu na baada ya miezi mitatu. Kipimo cha biashara yako kuanzia sasa kiwe kadi ngapi zimetumika ndani ya siku 30 tangu kuuzwa. Kiandike kila mwezi kabla ya mauzo, kwa kuwa hicho kikipanda mauzo yatafuata.

Picha ya simu itoshe kwa mnunuzi mwenye haraka, lakini uwe na kadi ya kushikika pia. Zawadi kwetu hupokewa kwa mikono miwili, huonyeshwa, na kwenye kicheni pati mshereheshaji huitaja kwa sauti pamoja na jina la mtoaji. Karatasi nene, bahasha safi, na mstari mmoja ulioachwa wazi ili mtoaji aandike kwa mkono wake mwenyewe; zaidi ya hapo usiweke mapambo mengi. Gharama ya bodaboda ya kuifikisha iandikwe peke yake na ailipe mnunuzi, maana ukiificha ndani ya kamisheni yako itaimeza yote.

Nimetaja kicheni pati, na hapo ndipo naona ongezeko kubwa zaidi la mauzo yako. Watu wa Dar es Salaam hawatoi zawadi mmojammoja tu, hutoa kwa kuchangishana. Kila sendofu, kila harusi, arobaini ya mtoto, kipaimara au kumuaga mstaafu ina kundi la WhatsApp na mweka hazina wake, na mwisho wa michango wapo wanawake 15 au 20 wanaobishana wanunue sufuria au seti ya vikombe ambayo bibi harusi tayari anazo tatu. Watengenezee kadi ya mchango: kila mmoja anatoa Sh 10,000, mweka hazina analipa mara moja, na bibi harusi anapata kadi ya Sh 200,000 yenye majina ya wote 20 nyuma yake, kwa ajili ya singo, hina na nywele za siku ya harusi. Kwa asilimia 15 hiyo ni kamisheni ya Sh 30,000 kwa mauzo ya mara moja, karibu theluthi ya kamisheni yako ya mwezi mzima wa sasa. Michango usiikusanye wewe. Mwachie mweka hazina wao, ambaye wanamwamini na wanaweza kumfuata nyumbani kwake. Na usisahau kwamba wanawake wote 20 watakuwapo ukumbini kadi inapotolewa. Kwa sababu hiyo, watu wa kuwatembelea kwanza ni washereheshaji, wapambaji wa kumbi na wapishi wa shughuli, pamoja na viongozi wa vikoba, ambao hupata habari za shughuli miezi miwili kabla yako.

Ofisi ni mlango wa pili. Mei Mosi waajiri wengi huwatunuku wafanyakazi hodari kwa cheti na fedha au kifaa cha nyumbani, na tarehe 8 Machi wanawake wa ofisini hushona sare za vitenge na kuandaliwa hafla. Afisa utumishi anayetakiwa kuwapatia zawadi watu 12 wenye ladha tofauti atafurahi kumaliza kazi hiyo kwa barua moja na risiti moja. Lakini ofisi hazinunui kwa ujumbe wa Instagram: zinahitaji ankara, namba ya mlipakodi, risiti ya EFD na anwani inayoeleweka, na barua yako inapaswa kuwafikia Januari kwa ajili ya Machi, na mwishoni mwa Februari kwa ajili ya Mei.

Kalenda ya zawadi, kwa jumla, iandike ukutani. Siku ya Akina Mama huangukia Jumapili ya pili ya Mei, Krismasi haihami, lakini Idi hutangulia kwa siku 10 au 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo usiinakili kalenda ya mwaka jana. Kumbuka pia kwamba wiki ya mwisho ya Ramadhani saluni hujaa. Kadi za Idi ziuzwe mapema, na mpokeaji ashauriwe kuweka miadi, asije akakaa kwenye benchi kama shangazi yangu.

Wapo pia ndugu zetu walio Muscat, London au Toronto. Huyu ni mnunuzi mwenye uwezo na mwenye kiu ya kuwafurahisha walio nyumbani, ila ameshaumizwa na fedha alizotuma kwa kazi fulani zikafanya kazi nyingine. Punguzo halimshughulishi hata kidogo. Anachokitaka ni ushahidi kwamba zawadi imefika. Mpe ujumbe wa aina mbili, wa kwanza unaosema "mama amepokea kadi," wa pili unaosema "mama amehudumiwa leo saa tano asubuhi," na picha, ikiwa mama mwenyewe ameridhia kupigwa. Huduma kadhaa za kimataifa zinatuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti za simu za Tanzania, kwa hiyo hulazimiki kujenga mfumo wa malipo wa gharama kubwa kabla hujaona kama wanunuzi hao wapo. Anza na mmoja au wawili unaowafahamu.

Kuhusu matangazo ya kulipia, yasimamishe kwa miezi miwili. Sh 60,000 za mwezi wa kwanza zichape kadi na karatasi za mapokezi, za mwezi wa pili zilipe nauli zako za kuwatembelea washereheshaji na zile nyongeza ndogo za mapokezi. Kila anayenunua umwulize alikufahamu kwa nani, na jibu uliandike kwenye daftari kando ya jina lake. Utakaporudi kulipia tangazo, utajua unamtafuta nani. Na katika kipindi chote hicho usimtumie mtu kadi kwa kuamini picha ya ujumbe wa muamala aliyokutumia, kwa kuwa picha za namna hiyo hutengenezwa. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, hata kama mteja anakuharakisha.

Kazi ya wiki hii ni moja, nayo haihitaji mtaji. Fungua daftari, orodhesha vocha zote ambazo hazijatumika tangu ulipoanza, na uwaandikie walionunua. Waandikie wanunuzi tu, usiwatafute wapokeaji kwa namba walizokupa watu wengine, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda namba hizo, na kwa kuwa ujumbe kutoka kwa mwana humgusa mama kuliko ujumbe wa muuzaji. Usitume ujumbe mmoja kwa wote, andika kwa kila mtu jina lake na jina la mpokeaji, kwa mfano hivi: "Habari za siku, dada. Mwezi wa Aprili ulimnunulia mama kadi ya kusukwa, na naona bado hajafika saluni. Kadi yake bado ni halali na fedha yake ipo. Nimeongea na saluni wenyewe, wanamjua kwa jina. Naomba uniambie siku gani inamfaa, nimwekee nafasi."